Maharage Yanayomaliza Mkaa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanga vyumba viwili Mwanjelwa, Mbeya, na mkaa wangu wote unaishia kwenye maharage. Nifanyeje? Tena uani nina nafasi ya magunia mawili ya mboga tu, nipande nini?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, kosa si lako. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva hata moto ukiwa mkali. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota uifunike vizuri na kuizika katika kapu lililoshindiliwa majani makavu na blanketi kuukuu, uiache humo kwa muda wa saa nne bila kufunua (hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kwa kuchungulia). Kabla ya kuyaunga, yachemshe tena.

Magunia yapande chainizi na sukuma wiki, kwani mchicha hudumaa kwa baridi ya Juni na Julai.