Hofu ya hepesi baada ya ngono ya mdomo: hesabu siku kabla hujalipia kipimo

Kabla hujawasha tochi ya simu na kujikagua kwa mara ya kumi leo, jibu swali moja: siku ile, nani alitumia mdomo na nani alifanyiwa? Hofu nyingi huenda kusiko kwa sababu mtu hajalijibu hilo.

Virusi vya hepesi, ambavyo kitaalamu huitwa HSV, ni vya aina 2. HSV-1 hukaa zaidi mdomoni, na ndivyo vinavyoleta yale malengelenge ya pembeni mwa midomo ambayo watu wakiyaona husema tu "homa imetokea mdomoni". HSV-2 makazi yake ni sehemu za siri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wana HSV-1. Afrika wengi wetu tuliipata utotoni, kwa mabusu na mate ya walezi, na hatukumbuki.

Sasa rudi kwenye swali. Kama wewe ndiye uliyefanyiwa, yaani mwenzako ndiye aliyezama chumvini au aliyenyonya, kinachoweza kukufikia ni HSV-1 kutoka mdomoni mwake kwenda kwenye ngozi ya sehemu zako za siri. Hii ndiyo njia ya kuichukulia kwa uzito. Kama wewe ndiye uliyetumia mdomo, kinachoogopwa ni HSV-2 kutoka kwake kuja kinywani mwako. Hutokea mara chache, na hata ikitokea, HSV-2 haistawi mdomoni; ni nadra kujirudia hapo.

Kuna jambo la kutuliza ambalo watu hawaambiwi. Kama umewahi kutokwa na malengelenge ya mdomo, tayari una HSV-1 na mwili wako umeshajenga kinga dhidi yake. Kuipata upya aina ileile mahali pengine ni nadra sana. Kinga hiyo haikuzuii kupata HSV-2, ila hupunguza makali ya mara ya kwanza.

Kumbuka pia mdomo wa mwenzako ulikuwaje. Hatari kubwa ni pale lengelenge limejaa maji au limepasuka na bado bichi. Huanza kabla ya hapo, mtu anapohisi mdomo unamchoma au kumwasha sehemu moja, na huendelea mpaka gamba lidondoke na ngozi mpya ifunge. Virusi hutoka hata siku ambazo hakuna kidonda chochote, ingawa kwa kiasi kidogo, ndiyo maana hakuna daktari mkweli atakayekuambia hatari yako ni sifuri. Lakini vidonda vyeupe vya duara ndani ya shavu au kwenye ulimi, vile vinavyouma ukila pilipili, kwa kawaida si hepesi na haviambukizi. Pembe za mdomo zilizopasuka nazo ni kitu kingine. Watu wengi wamekosa usingizi kwa ajili ya hivi viwili. Choo, taulo na kikombe viondoe kwenye hesabu. Virusi hivi havidumu nje ya mwili.

Dalili zikija, huja kati ya siku ya 2 na ya 12, mara nyingi siku ya 4 hadi ya 6. Mwanzo ni kuchomachoma au kuwasha mahali pamoja. Kisha hutokea kundi la malengelenge madogo kama punje za ulezi, yamebanana, yana maji angavu ndani. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Utaona eneo lililoiva kwa rangi nzito zaidi na linalong'aa. Baada ya siku moja au mbili hupasuka na kuacha vidonda vya juujuu vinavyouma sana. Ndani ya mashavu ya uke huenda usiyaone malengelenge kabisa, ukakuta vidonda tu. Mtoki huvimba kinenani, homa hupanda, na mkojo ukigusa kidonda unachoma kama moto. Mara ya kwanza huchukua wiki 2 hadi 4 kupona kabisa.

Linganisha na unachokiona. Kipele cha wembe kina unywele katikati na hutokea siku chache baada ya kunyoa. Vinundu vidogo vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume ni maumbile, na vidoti vya manjano chini ya ngozi ni tezi za mafuta. Fangasi huwasha na kuacha utando mweupe. Kidonda kimoja kisichouma, kigumu pembeni, kinachotokea kati ya siku ya 10 na ya 90, hicho fikiria kaswende na ukapime bila kuchelewa. Halafu kuna muwasho ambao mtu anajitengenezea mwenyewe: anaosha mara 5 kwa siku kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, ngozi inachubuka, inaanza kuchoma, naye anasema "ndiyo yenyewe". Acha hayo yote kwa siku 3, oga kwa maji matupu, uone.

Kwenye vipimo ndiko pesa nyingi hupotelea. Kipimo kizuri ni cha kuchukua majimaji ya kidonda kwa kijiti cha pamba na kutafuta virusi kwa PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Kichukuliwe kidonda kikiwa kipya, ndani ya saa 48 ikiwezekana, kwa sababu kikikauka virusi hupungua na jibu linaweza kusema huna wakati unavyo. Ndiyo maana usipake dawa ya meno, ndimu, spiriti wala majivu: vinaunguza kidonda na kumtatiza daktari. Si kila zahanati ina PCR. Mtoa huduma mzoefu anaweza kukutibu kwa kuangalia tu.

Kipimo cha damu kiitwacho IgM, kinachotafuta kinga ya mwanzo ya mwili, usikilipie. Huweza kuonyesha chanya kwa mtu aliyeambukizwa miaka mingi iliyopita, hata kwa asiye na hepesi kabisa. IgG, kinachotafuta kinga ya kudumu, ni bora, lakini kinga hiyo huchukua wiki 12 au zaidi kuonekana vizuri. Ukipima wiki ya kwanza, jibu linasimulia maisha yako ya zamani, halina habari na tendo la Jumamosi iliyopita. IgG ya HSV-1 ikiwa chanya haikuambii virusi viko mdomoni au chini. Na ya HSV-2 ikisoma kati ya 1.1 na 3.0, mara nyingi ni chanya ya uongo. Irudiwe au ithibitishwe kwa njia nyingine kabla hujamtuhumu mtu nyumbani.

Hakuna vidonge vya kumeza "kujikinga" na hepesi baada ya tendo. Vya kujikinga na VVU vipo, na lazima vianze ndani ya saa 72. Kwa ngono ya mdomo hatari ya VVU ni ndogo sana, lakini kama shahawa au damu iliingia kinywa chenye vidonda, au ulilazimishwa, nenda leo na usisubiri kesho.

Malengelenge yakitokea, kawaida mtu mzima huandikiwa asikloviri. Kwenye boksi utaona Aciclovir. Ni miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Vidonge vikiwa vya 200, ni 2 kwa kila mara. Anza mapema, ndani ya siku 3 za kidonda cha kwanza, bila kungoja majibu ya maabara. Mwenye ugonjwa wa figo amwambie daktari kwanza, maana dozi yake hupunguzwa. Dawa ya kupaka haisaidii sana sehemu za siri. Kwa maumivu, osha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa safi. Jimiminie maji wakati wa kukojoa, utaona nafuu papo hapo. Nawa mikono kila ukigusa kidonda na usiguse jicho. Mkojo ukigoma kutoka, kichwa kikiuma pamoja na shingo kukakamaa, au jicho likianza kuuma, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa siku zijazo, kondomu hutumika pia kwa mdomo. Kwa uke, kata kondomu ncha na pete, kisha ipasue kwa urefu. Unapata kipande cha kutandaza. Usiweke Vaseline wala mafuta ya nazi, huharibu mpira. Tumia jeli ya maji. Mwenzako akisema mdomo unamwasha, ahirisheni, na mshukuru kwa kusema.

Mjamzito ndiye ninayemwomba awe makini kuliko wote, hasa miezi 3 ya mwisho. Kuambukizwa hepesi kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua ni hatari ya kweli kwa mtoto. Mume au mwenza mwenye historia ya malengelenge ya mdomo asitumie mdomo kipindi hicho, na kidonda chochote kikitokea mkunga aambiwe kabla ya uchungu kuanza. Mtoto akishazaliwa, mgeni mwenye lengelenge mdomoni ampongeze mama kwa mbali. Busu lingoje mpaka gamba lidondoke na ngozi ifunge.