Moyo kwenye siti skani, anzia nyuma uje mbele

Mkuu umeuliza mbona ventrikali (chemba ya chini ya moyo, inayosukuma damu) ya kulia inaonekana mbele kabisa wakati kwenye mchoro wa kitabu iko pembeni, ukahisi labda picha imegeuzwa. Haijageuzwa. Ule mchoro umeutundika moyo wima kama picha ya ukutani, ila kifuani umekaa mshazari na umejizungusha, kwa hiyo tunachokiita kulia kiukweli ni mbele, na kushoto ni nyuma. Halafu slaisi, yaani picha ya mwili uliokatwa mlalo, unaitazama kana kwamba umesimama miguuni kwa mgonjwa, ndo maana ini lake liko kushoto kwako.

Vijana wa fildi nawaambiaga waanze na uti wa mgongo. Mbele yake, upande wa kushoto wa mgonjwa, kuna aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) inayoshuka, kiduara safi, jirani yake umio umejibana, na kinachougusa umio kwa mbele ni atria ya kushoto, chemba ya juu inayopokea damu, hakuna chemba iliyo nyuma kuliko hiyo. Hakikisha kwa kuangalia mishipa ya mapafu inayoingia pembeni, kawaida minne ila wapo wenye mitatu au mitano usishtuke. Ukishaipata we fuata damu tu, pita valvu ya mitrali, ule mlango wa kushoto kati ya chemba ya juu na ya chini, uingie ventrikali ya kushoto yenye ukuta mnene, karibu sentimita 1, panda utokee kwenye aota ambayo shina lake liko katikati kabisa ya moyo. Ventrikali ya kulia iko nyuma ya mfupa wa kidari, ukuta mwembamba, ndani imejaa vijinyama, na kuna mkanda wa nyama unaotoka ukuta wa kati unakatisha kwenda upande wa pili, ukiuona huo ubishi umeisha.

Na kama skani ni ya mishipa ya koronari, ile inayolisha moyo wenyewe, usidhani upande wa kulia unaumwa kisa umefifia, ni vile kontrasti, dawa ya kung'arisha damu kwenye picha, imeshahamia kushoto na baada yake yakasukumwa maji ya chumvi.

Ila aisee, koronari usihangaike nazo kama skani haikuunganishwa na ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachofanya picha zifuate mapigo, moyo unaruka picha inapata ukungu, na shina la aota linaweza kuonyesha mistari miwili kama ukuta umechanika wakati ni mapigo tu. Mimi nikiuona mstari hapo, kabla sijamtisha mtu nauliza kwanza, ECG iliwekwa?