Kilima Kitulivu kwa Wapenda Kutembea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Birmingham. Mwaka jana tulipanda Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote nchini Wales, tukakuta watu wamepanga foleni kileleni. Je, hakuna kilima cha jirani ambako mtu anaweza kutembea kwa utulivu, bila kuhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Ndugu msomaji, kipo. Nawashauri mwende Rhinog Fawr, katika safu ya Rhinogydd iliyo mashariki ya mji wa Harlech, ndani ya hifadhi ileile ya taifa ya Eryri. Kimo chake ni mita 720 tu, ilhali Yr Wyddfa una mita 1,085, lakini msikidharau kwa ufupi wake, kwa sababu kinachowafukuza watu hapo ni ardhi yenyewe. Miamba yake ni ya mchanga mgumu wa enzi ya Kambria, ya kale kuliko ile ya Yr Wyddfa, nayo imepasukapasuka ikaacha mawe makubwa yaliyolaliana ovyo. Juu ya mawe hayo imeota erika, vichaka vya jamii moja na ile miti ya erika ambayo wapandaji wa Kilimanjaro huipita baada ya kutoka msituni, ila hapa vinaishia magotini. Mwezi Agosti mteremko mzima hugeuka zambarau, na kwa kweli ni mandhari ya kupendeza mno. Hata hivyo, chini ya maua hayo kuna mianya isiyoonekana, na mguu ukizama humo kifundo huteguka mara moja. Kwa hiyo msiiache njia kwa kutafuta mkato, hata kilele kikionekana kiko karibu.

Anzieni kwenye ziwa la Cwm Bychan, mwisho wa barabara nyembamba itokayo Llanbedr. Kutoka hapo mtapanda ngazi za mawe bapa zinazoitwa Ngazi za Warumi, ingawa inaaminika zaidi kuwa ni njia ya misafara ya farasi wa mizigo ya Zama za Kati. Mkifika kwenye pengo la Bwlch Tyddiad, geukeni kusini hadi ziwa dogo la Llyn Du, kisha mpande bega la magharibi; hapo mtatumia mikono mahali pachache, bila kamba. Huenda mkakutana na mbuzi mwitu wengi kuliko watu.

Vaeni suruali ndefu, kwa sababu erika hukwaruza na kupe wapo, na mchukue ramani ya karatasi pamoja na dira. Ukungu ukishuka mkiwa Llyn Du, rudini kwa njia mliyojia. Mtu akiumia, pigeni 999, muombe polisi, kisha muwaambie mnahitaji waokoaji wa milimani.