Ukienda kliniki, nenda na hesabu ya siku

Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho umepamba moto, na nusu ya ndugu wa mume wangu wako mashambani Tandahimba. Aliyebaki kunilea ni mama mkwe. Alinikanda maji ya moto asubuhi na jioni, akanipikia uji wa pilipili manga, akanifunga tumbo. Sina la kumlaumu. Kila aliyeingia nyumbani aliuliza, "Mtoto hajambo?" nami nikaitika, "Hajambo, tunamshukuru Mungu." Na kweli hakuwa na jambo: alinyonya, uzito ukapanda, mstari wake kwenye kadi ukakaa kwenye kijani. Mimi nilikuwa nalia bafuni, nikimwaga maji kwa kata ili nisisikike. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ila jina lake sikulijua.

Kulia kwa mzazi si jambo geni. Siku ya tatu au ya nne, maziwa yanaposhuka, machozi huja bila sababu, na kwa walio wengi hukauka yenyewe ndani ya wiki mbili. "Yatapita, mwanangu," mama mkwe aliniambia, na kwa wazazi wengi aliowalea yalipita. Kwangu wiki mbili zilipita, arobaini ikapita, kilio kikabaki. Baadaye hata kilio kikaisha, nikawa sitaki kitu chochote wala mtu yeyote. Nilidhani napona, kumbe ndiyo nazidi kuzama.

Nikirudi nyuma, naona ilianza nikiwa na mimba ya miezi sita. Usingizi ulikatika saa tisa za usiku, chakula hakikupita, mwili ulikuwa mzito. Nikilalamika naambiwa, "Mimba hiyo." Hapa ndipo sonona ya ujauzito inapojificha, kwa sababu uchovu, usingizi wa mang'amung'amu na kukosa hamu ya kula ni vya mimba pia. Kwa hiyo mwili peke yake hautoshi kukuambia. Jiulize mengine. Nyumba imetulia, mumeo amelala, hakuna kinachokuamsha, mbona wewe huwezi kulala? Kile kilichokuwa kinakupa raha bado kinakupa? Mimi nilikuwa napenda kutembea hadi soko la Feri asubuhi kuchagua samaki na rafiki yangu. Niliacha kwenda, na sikukumbuka hata kwamba nimeacha.

Mara ya kwanza nilipokwenda zahanati nilisema, "Nina mawazo mengi, na mwili umechoka." Nikapimwa malaria, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikarudi nyumbani. Kwetu huku kila mtu ana mawazo: bei ya korosho ikishuka, mkoa mzima una mawazo. Neno hilo halimwambii mhudumu kitu.

Nilikuja kugundulika siku ya chanjo ya wiki ya 14. Nesi aliona mtoto analia kwa sindano nami natazama ukuta. Akamwomba mama mkwe ampakate mtoto nje, akafunga mlango, akaniuliza maswali kumi, moja moja, kuhusu siku saba zilizopita. Kama bado naweza kucheka. Kama najilaumu mambo yakiharibika. Kama naogopa bila sababu, kama mambo yananielemea, kama huzuni inaninyima usingizi. Kipimo hicho kilitungwa Uskoti, kikachapishwa mwaka 1987, kinaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, na hutumika hata wakati wa ujauzito. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Hakiulizi uchovu wala hamu ya kula, na ndiyo maana kinamfaa mzazi.

Swali la kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Nikasema hapana. Nesi hakuandika. Akasubiri, akaniuliza tena kwa upole, nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeogopa miezi yote kwamba nikisema nitanyang'anywa mtoto. Hakuna aliyeninyang'anya. Waliniuliza wazo hilo huja mara ngapi, na kama nimepanga chochote, kisha wakampigia dada yangu aje akae nami. Mama, swali hilo lijibu kwa ukweli hata kama sauti inakutetemeka.

Alama zile peke yake hazikufanya niambiwe nina sonona. Daktari alikaa nami akitafuta jambo moja kubwa: huzuni au kukosa raha, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine. Akauliza kama nimewahi kupata siku za kuchangamka kupita kiasi bila kulala, maana hiyo ni dalili ya ugonjwa mwingine, wenye tiba yake. Akauliza kama napigwa nyumbani. Akaagiza damu ipimwe, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na sonona. Nikaanza mazungumzo ya kila wiki, na dawa ambayo haikunizuia kunyonyesha.

Lipo moja lisilosubiri kliniki. Mzazi akikesha siku mbili tatu bila kuhisi usingizi, akiongea yasiyoeleweka, akisikia sauti, au akishikilia kwamba mtoto aliyezaa si wake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Mara nyingi hali hii huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Najua wengi tutasema ni majini. Dua someni, lakini isomeni mkiwa njiani.

Wewe ambaye bado unatembea na unaitika salamu, anza na kliniki yako ya mama na mtoto, uombe rufaa ikibidi: hospitali ya rufaa ya mkoa kwa Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine. Kabla ya kwenda, andika kwenye simu tarehe iliyoanza, umelala saa ngapi, umelia siku ngapi wiki hii. Omba kuingia peke yako. Halafu usiseme una mawazo. Sema, "Nesi, huu ni mwezi wa pili sina raha, siku tano kati ya saba nalia, na mtoto akilala mimi silali. Naomba unipime sonona."