Swali la Lugha: Chembe Zinang'aa, Zinawaka au Zinamulika?

SWALI: Naandika makala ya sayansi kuhusu watafiti wanaotumia chembe za nano, yaani punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kuona molekuli ambazo seli hupashana habari kwazo, ndani ya mapafu ya panya walioambukizwa influenza. Nimeandika: "Virusi ikiingia kwenye mapafu, chembe zing'aazo zinawaka na kumulika oksidi ya nitriki." Mwenzangu anasema sentensi nzima ni mbovu. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzima siyo, ndugu yangu. Ila vitenzi vyako vitatu vinagombea kazi moja.

Tuanze na kumulika. Anayemulika ana taa, na kinachomulikwa ni kitu kingine. Mmulika nyoka huanzia miguuni pake. Katika utafiti huu mwenye taa ni mtafiti. Yeye huzimulika chembe kwa mwanga wa rangi fulani, tuseme buluu, nazo huunyonya na kutoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi, labda kijani au nyekundu. Mwanafizikia George Stokes aliueleza mwenendo huo mwaka 1852, na muuza duka anayekagua noti chini ya taa ya zambarau anautegemea hadi leo. Kwa hiyo chembe haimuliki chochote. Inamulikwa, kisha inang'aa.

Kuwaka kungefaa kama usingetaja mapafu. Kifua kikiwaka, Mswahili anafikiria maumivu. Na kwa kuwa mapafu ya panya huyo kweli yamevimba kwa maambukizi, msomaji atachanganya ugonjwa na kifaa cha kuuchunguza.

Kosa lenye uzito, hata hivyo, limejificha katika "zing'aazo". Kirejeshi kisicho na kiambishi cha wakati hutaja hali ya siku zote: maji yatiririkayo, nyota zing'aazo. Chembe nyingi za kazi hii zimeundwa kinyume chake. Hazing'ai, au hung'aa kwa unyonge sana, mpaka zikutane na molekuli zinayoitafuta. Hapo kemikali iliyobebwa ndani yake hubadilika na mwanga ukatoka. Giza la mwanzo ni sehemu ya ushahidi, nawe umelifuta kwa silabi moja! Oksidi ya nitriki, mojawapo ya molekuli hizo za kupashana habari, ni gesi isiyodumu mwilini ila kwa muda mfupi mno, ndiyo maana inatafutwa kwa mtego wa namna hii. Mapafu yaliyoshambuliwa na influenza huweza kuitoa kwa wingi, na ikizidi huziumiza tishu zenyewe.

Hapo hapo angalia tofauti ya "zinapokutana" na "zikikutana". Ya kwanza inachukulia kwamba kukutana kutatokea. Ya pili inaacha mlango wazi. Jaribio linauliza kama molekuli ipo, basi -ki- ndiyo inayofaa.

Kuhusu virusi, sitakesha. Ni ngeli ya ki-vi: kirusi kimeingia, virusi vimeingia. "Virusi imeingia" tunaisikia kila siku mtaani, lakini makala yako haiko mtaani. Umoja wake uandike kwa herufi ndogo, usije ukadhaniwa unazungumzia lugha ya Moscow.

Ningeandika hivi: "Virusi vikishaingia mapafuni mwa panya, seli huweza kutoa oksidi ya nitriki. Watafiti huzimulika chembe za nano, nazo hung'aa zikikutana na molekuli hiyo."

Kabla hujaichapa, kagua aina ya mwanga uliotumika. Watafiti wengi hupendelea ule wa infraredi ya karibu, kwa sababu hupenya nyama vizuri zaidi kuliko buluu au kijani. Jicho haliuoni, kamera ndiyo inayounasa. Ikiwa ndivyo, "hung'aa" sitaipigania. Andika "hutoa mwanga", na chini ya picha uongeze kwamba rangi zimewekwa na kompyuta.