Kabla Hujaliacha Jina la Azaria

Wiki hii msomaji mmoja anayetarajia kujifungua ameniandikia akiwa na hofu. Yeye na mumewe walishakubaliana kwamba mtoto wao wa kiume ataitwa Azaria. Kisha jamaa yao akamtumia ukurasa wa intaneti unaodai kwamba maana ya jina hilo ni "sadaka nyikani". Anauliza: "Dada, nawe mwanao ni Azaria. Ulilijua hili? Tuliache?"

Msiliache. Uvumi huo si mpya, na umewahi kumfuata mama mwingine wakati wa msiba wake.

Tarehe 17 Agosti 1980, mtoto wa kike wa wiki tisa aliyeitwa Azaria Chamberlain alitoweka ndani ya hema la wazazi wake karibu na mwamba wa Uluru, katikati ya Australia. Mama yake, Lindy, alisema mtoto amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa nchi ile. Baba alikuwa mchungaji wa Waadventista Wasabato, na haukupita muda watu wakaanza kunong'ona kwamba jina la mtoto lina maana ya sadaka nyikani, kwa hiyo wazazi wamemtoa kafara. Maana hiyo ilikuwa ya uongo mtupu, lakini ikasambaa. Mwaka 1982 Lindy alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa 1986, baada ya kikoti cha mtoto kupatikana kwenye eneo la mapango ya dingo. Hukumu ikafutwa 1988, na ni mwaka 2012 tu ambapo uchunguzi rasmi ulitamka kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Sisemi kwamba jina ndilo lililomfunga. Mahakamani kulikuwa na ushahidi wa kitaalamu ambao baadaye ulionekana haufai. Lakini hebu fikiria, umefiwa na mtoto, halafu watu wasiokujua wanaligeuza jina ulilompa kwa upendo kuwa ushahidi dhidi yako. Kila nikikutana na ukurasa unaorudia uongo ule, hasira hunipanda upya.

Sasa maana yenyewe. Azaria ni jina la Kiebrania lenye vipande viwili: azar, yaani "amesaidia", na Ya, ufupisho wa Yahwe, jina la Mungu wa Israeli, ambao pia unafunga majina ya Isaya, Yeremia, Zekaria na Hanania. Ukiviunganisha unapata "Yahwe amesaidia". Ezra limetoka kwenye mzizi uleule wa kusaidia. Eleazari nalo ni hivyohivyo, ila limetumia El, Mungu, mahali pa Yahwe, na Eleazari lilipopita kwenye Kigiriki ndipo tukapata Lazaro. Kwa hiyo anayelishangaa jina la Azaria huku ana rafiki aitwaye Lazaro anashangaa ndugu wa jina alilolizoea. Azazeli wa Walawi sura ya 16, yule anayepelekewa mbuzi nyikani, ambaye wengine humchanganya na jina hili kwa sababu ya mlio, ni neno jingine kabisa.

Mimi nililichagua kwa sababu ya maana hiyo. Mwanangu tulimpata baada ya kipindi ambacho sitakisimulia hapa, anayekijua atanielewa. Alipofika salama sikuwa na sentensi nyingine ya kusema zaidi ya hiyo, kwamba Mungu amesaidia.

Nilipolitaja, upande wa mume wangu walikaa kimya. Wifi yangu akasema ni jina la kizee. Mama mkwe, kwa upole wake, akaniambia, "Mwanangu, kama unaupenda mlio huo, si umwite Zakaria tu, watu wanalijua?" Hilo nililipokea, kwa sababu alisema kwa nia njema. Lakini kuna mtu mzima, wa karibu sana, aliyesema mbele ya wageni kwamba natafuta sifa kwa mgongo wa mtoto. Nilinyamaza. Neno lile bado linaniuma, na nimegundua ndilo wanaloambiwa wazazi wengi wanaochagua jina lisilosikika kila siku. Wewe unayenisoma, jiandae kulisikia.

Kilichoniimarisha ni kulichimba jina hadi nikalijua kuliko wote walionipinga. Fungua Danieli 1:6-7. Vijana wanne wa Yuda wanapelekwa Babeli: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Mkuu wa matowashi anawapa majina mapya, na Azaria anakuwa Abednego, "mtumishi wa Nego", na wataalamu wengi huona hapo jina la Nebo, mungu wa Babeli. Tazama sasa kilichotokea. Leo akina Abednego wapo tele, watoto wa shule ya Jumapili wanaliimba, na hakuna anayemwambia mama yake kwamba anatafuta sifa. Jina alilopewa uhamishoni na waliomteka limekuwa la kawaida, na lile alilopewa nyumbani kwao ndilo linaloonekana geni. Mtu ni yuleyule. Anayesoma Biblia ya Kikatoliki au ya Kiorthodoksi atamkuta katika Danieli sura ya 3, katikati ya tanuru, akiomba kwa jina lake la kuzaliwa. Sehemu hiyo huitwa Sala ya Azaria. Katika kitabu cha Tobiti, kilichomo pia katika Biblia hizo, sura ya 5, malaika Rafaeli anapotaka kumsindikiza kijana Tobia safarini bila kujulikana, anajitambulisha kuwa ni Azaria. Msaada wa Mungu unatembea pembeni ya kijana, na unaitwa hivyo hasa!

Kuna hadithi nyingine ninayoipenda zaidi. Mfalme wa Yuda aliyetawala Yerusalemu miaka 52 anaitwa Azaria katika 2 Wafalme 15, na Uzia katika 2 Mambo ya Nyakati 26. Alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 16, akajenga minara, akachimba visima, akapenda kilimo. Aliposhiba nguvu akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Aliyemfuata ndani pamoja na makuhani 80 na kumwambia mfalme usoni "toka" alikuwa kuhani aliyeitwa Azaria. Wawili wa jina moja, mmoja amekisahau chanzo cha msaada wake na mwingine anamkumbusha. Mfalme akakasirika, na ukoma ukamtoka katika kipaji cha uso palepale.

Mwanangu anaijua hadithi hiyo kwa moyo. Kwa muda mrefu shuleni walimwita Zakaria, hata kwenye karatasi za matokeo, na alipokuwa mdogo alirudi nyumbani akitaka abadilishiwe jina. Sikumkaripia. Nilimsimulia habari za kuhani yule, usiku baada ya usiku, mpaka akaanza kunisahihisha nikiruka kipande. Mwaka jana mwalimu mpya alimuuliza mbele ya darasa jina hilo la ajabu limetoka wapi. Akasimama akaeleza kila kitu, kuanzia Kiebrania mpaka tanuru. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na sitaficha, nilitembea siku nzima kichwa juu.

Kuhusu umaarufu, zamani halikuwa adimu hata kidogo. Biblia ina akina Azaria zaidi ya 20. Wanaakiolojia waliochimba Jiji la Daudi huko Yerusalemu mwaka 1982 walipata lakiri ndogo za udongo, na moja imeandikwa jina la Azaryahu mwana wa Hilkiyahu, majina yaleyale ya baba na mwana wa ukoo wa makuhani katika 1 Mambo ya Nyakati 6:13. Moto uliouteketeza mji wakati wa Wababeli ndio uliouchoma udongo ule ukawa mgumu, na ndiyo maana jina limetufikia. Karne nyingi baadaye, mwaka 1912, Vedanayagam Samuel Azariah aliwekwa wakfu kuwa Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Leo huko Marekani Azariah huitwa wavulana na wasichana. Usiogope hilo, na usikubali mtu akuambie ni jina la kike: mabinti wanaoitwa hivyo wamelipokea kutoka kwa wanaume wa Biblia.

Ushauri wangu kwa mzazi yeyote mwenye jina adimu moyoni ni kulichimba hadi kwenye mzizi. Kurasa za maana za majina hunakiliana, na uongo ulionakiliwa mara elfu unabaki uongo. Nenda kwenye lugha lilikotoka, tafuta kamusi ya lugha hiyo, muulize mtu aliyeisoma. Ukitaka kujua wingi wake, tafuta takwimu za serikali. Marekani, kwa mfano, hutangaza orodha zinazorudi hadi 1880, ila jina lililopewa watoto chini ya watano katika mwaka halichapishwi, kwa hiyo usidhani halipo. Ukishalijua, msimulie mtoto mapema, kabla wengine hawajamsimulia lao. Tunarithisha watoto mashamba na vyeti, tunasahau kuwarithisha habari ya neno watakaloitikia maisha yao yote! Mzazi asiyejua maana ya jina la mwanawe amemwachia mtaa aitunge.

Na wewe mama uliyeniandikia, mwoneshe huyo jamaa habari za Lindy, kisha mfungulie Danieli. Jambo moja tu muamue mapema: mwandike Azaria kama Biblia ya Kiswahili inavyoandika, au Azariah kama Waingereza. Yote ni sawa, lakini chagueni moja, na liwe hilohilo kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na hati ya kusafiria. Mlikague herufi kwa herufi kabla hamjaondoka dirishani, maana karani aliyezoea akina Zakaria ataandika Zakaria.