Usitupe vyombo vyote, anza na joto

Dada, umeuliza kama utupe vyombo vyote vya plastiki baada ya kusikia kwamba kemikali zake huingia kwenye chakula cha mtoto. Usitupe vyote leo. Anza na joto.

Plastiki huachia kemikali zaidi ikipata moto, mafuta au uchachu, na kadiri chakula kinavyokaa ndani yake. Mchuzi wa mafuta kupashwa kwenye maikrowevu ndani ya bakuli la plastiki, hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Hamishia kwanza kwenye kioo au kauri. Lile bakuli lenye doa la rangi ya chungwa lisilotoka hata ukisugua, limejaa mikwaruzo, hilo litupe.

Vyakula vilivyosindikwa sana vina la ziada: hupita kwenye mabomba na mikanda ya kiwandani, kisha hukaa kwenye pakiti miezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti nchini Marekani walizipa familia 5 chakula freshi kisichotoka kwenye kopo wala plastiki kwa siku 3. Bisifenoli A (BPA), mojawapo ya kemikali hizo za plastiki, ilipungua kwenye mkojo wao kwa wastani wa asilimia 66. Siku tatu tu, dada! Mwili huitoa haraka, kwa hiyo kila mlo unaoupika mwenyewe una faida.

Maandishi ya “haina BPA” yasikutulize sana, maana wakati mwingine huwekwa bisifenoli S, ndugu yake wa karibu.

Chakula kilichopoa kwenye bakuli la plastiki lisilo na mikwaruzo kisikukoseshe usingizi.